Nani Aliwaambia Jengo Limepona?

Ninyi vijana mnaonicheka mkiniona nagonga nguzo za watu, leo nawajibu. Najua mnaniita Mzee Gonga. Najua pia kwamba kwenye harusi ya binti wa jirani, pale ukumbini Moshono, mmoja wenu alinirekodi kwa simu nikigonga nguzo kwa kidole wakati maharusi wanaingia, na video ikazunguka mpaka ikamfikia shemeji yangu. Haya. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa. Nguzo ya kwanza iliitika vizuri, ya pili ikanijibu kwa sauti ya debe, nikahamia meza ya karibu na mlango. Pilau ilinifikia imepoa, lakini nilikula kwa amani.

Kazi yangu ilikuwa fundi nondo. Kabla zege halijamwagwa kuna mtu anayekata vyuma, anavikunja, anavifunga kwa waya mpaka vinakuwa mifupa ya jengo, na mtu huyo ndiye mimi. Zege likishamwagwa, kazi yako haionekani tena na mtu yeyote. Labda ndiyo maana nimekuwa mtu wa mashaka hivi. Najua kilichomo ndani ya kuta za mji huu, na najua ambacho hakimo. Mtu akinionyesha ukuta mpya unaong'aa, badala ya kusifia rangi najiuliza anaficha nini.

Mashaka hayo sikuzaliwa nayo. Niliposhuka kutoka Nkoaranga, kwetu mlimani, kuja kutafuta kazi mjini nilikuwa naamini kila ninachoambiwa. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Lomnyaki, Mwarusha mrefu asiyecheka. Siku ya kwanza akanitazama akasema, "Kijana, lete biskuti." Nikakimbia. Nilikwenda hadi dukani, nikanunua pakiti nzuri ya biskuti za maziwa, nikarudi nahema. Mafundi wote wakaacha kazi wakatazama. Mzee Lomnyaki akaifungua ile pakiti taratibu, akala moja, akatafuna mpaka ikaisha.

"Ni tamu," akasema. "Sasa lete zile za kazi."

Biskuti za kazi ni vipande vidogo vya mchanga na saruji, ukubwa wa kiberiti. Vinawekwa chini ya nondo ili zisilale juu ya mbao. Zege likimwagwa linapita chini ya chuma na kukifunika pande zote. Ukiacha kuweka biskuti, nondo inalala kwenye mbao, na siku mbao zikibanduliwa chuma kinabaki juu juu, kimefunikwa na zege jembamba kama karatasi. Halafu anakuja fundi plasta, anapaka, na hakuna atakayejua.

Mzee Lomnyaki alikuwa analala kifudifudi kwenye mbao, suruali na yote, achungulie chini ya nondo kama biskuti zipo. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa, kwani zege si linashika hata hivyo. Akaniuliza mimi, mtu wa mlimani, kama nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba inaungua sawa na nyama iliyotupwa kwenye makaa wazi. Nikasema hapana. "Basi zege ndilo jani," akasema. "Siku moto ukija, utaniambia." Nilidhani anatania. Jina la biskuti lilinikaa miaka yote niliyofanya naye kazi, na hata siku ya harusi yangu mafundi walileta pakiti.

Sasa nije kwenye jengo la Elerai, maana ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Binti yangu Neema ni fundi cherehani. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja la biashara, na wasichana aliowafundisha mwenyewe walikuwa wakishona humo. Chini yao, ghorofa ya kwanza, kulikuwa na stoo ya magodoro. Mwenye jengo nitamwita Tajiri, inatosha. Mchana mmoja stoo ile ikashika moto. Watu wote walitoka salama, lakini magodoro yaliungua mpaka jioni, na moshi ulionekana kutoka huku kwetu mlimani. Gari la zimamoto lilipomaliza, watu wakasimama barabarani wakitazama juu. Jengo lilikuwa jeusi, limesimama. Tajiri akainua mikono akasema, "Mungu mkubwa. Limepona!" Na umati wote ukaitikia: limepona, limepona.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Mtu akitoka kwenye ajali mzima, tunasema amepona. Mtu akiugua malaria wiki nzima kisha akaamka, tunasema pia amepona. Neno ni moja, mambo ni mawili. Siku ile ya moto Tajiri alikuwa na maana ya kwanza, na alikuwa sahihi, jengo lilinusurika. Lakini baadaye akapiga plasta, akapaka rangi ya krimu, akaanza kuwapigia wapangaji simu: rudini, jengo limepona. Sasa ilikuwa maana ya pili, na hakuna aliyeona imebadilishwa. Mgonjwa anapona kwa sababu mwili una damu, unajishona wenyewe kidogo kidogo. Zege lina damu gani?

Nilikwenda kuliangalia. Ng'ambo ya barabara kuna kijiwe cha bodaboda, na mjukuu wangu Baraka anapaki pale. Nikawakuta wameinamia simu.

"Shikamoo babu," Baraka akasema bila kuinua macho.

"Marahaba. Mnaangalia nini?"

"Yale maghorofa ya Marekani, babu, yaliyogongwa na ndege. Huyu jamaa anatoa siri. Anasema yalitegwa mabomu. Moto hauwezi kuangusha ghorofa, mafuta ya ndege hayayeyushi chuma!"

"Nani kakwambia kiliyeyuka?"

"Si yalianguka?"

Nikakaa kwenye pikipiki ya mtu. Nikamwambia, kijana, mshumaa uliosahauliwa dirishani juani unakuwa umeyeyuka? Hapana. Lakini unakuwa umeinama. Mimi nimechoma nondo kwa moto wa makaa mbele ya macho yangu, haikuyeyuka hata tone, na nikaikunja kwa mikono kama fimbo mbichi. Chuma kinaposhindwa kubeba, kinakuwa kimelegea tu. Na ndege ile haikuja na mafuta peke yake. Ilikata nguzo, mzigo wa zile zilizokatwa ukahamia kwa zilizobaki. Ikakwangua na ile kinga iliyokuwa imepakwa kwenye chuma kukilinda na moto. Sasa una nguzo chache, zimebebeshwa zaidi, ziko uchi, na moto unazilegeza. Sakafu zikapinda zikaanza kuzivuta nguzo ndani.

"Sasa mbona yalishuka wima, kama yamepangiwa?" akauliza mwenzake Baraka, kijana mwenye kofia nyekundu.

"Ulitaka yaende wapi? Nyumba nzima ya juu ikiachiwa ghafla, inamwangukia wa chini yake, naye hakujengwa kudaka."

"Na lile la tatu je, babu?" Baraka akasema kwa ushindi. "Lile halikugongwa na ndege yoyote."

Hapo nikafurahi, maana lile la tatu ndilo ninalolipenda. Vifusi vya yale mawili vililijeruhi na kuliwasha, halafu likaachwa liungue bila maji kwa muda mrefu. Wataalamu wa kule wanasema mihimili ya sakafu ilitanuka kwa joto, ikasukumana, mmoja ukatoka kwenye kikalio chake, pale ulipoegemea, na nguzo moja ikabaki haina wa kuishika. Mimi siwaamini wataalamu kwa sababu tu ni wataalamu, niwe mkweli. Lakini hili nimeliona kwa kiasi kidogo kwenye mapaa ya viwanda, linafanana. Moto peke yake, mjukuu wangu.

"Babu, acha kutuzingua," akasema yule wa kofia. "Kama moto unaangusha, mbona hili la Tajiri limesimama?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Walikuwa wamechukua mabishano ya Marekani wakayahamishia kwenye jengo ambalo binti yangu alikuwa anataka kurudi ndani yake. Na maneno yao yalikuwa yale yale ya Tajiri, ambaye alikuwa akiwaambia wapangaji kwamba kama lingekuwa la kuanguka, lingeanguka siku ile ile.

Neema naye akayarudia jioni ile. Msimu wa sare za shule ulikuwa unakaribia na wateja walikuwa wanauliza.

"Baba, hujawahi kukubali jengo hata moja," akaniambia. "Lile la kwanza ulisema mchanga ni mchafu. La pili ukasema ngazi zinacheka kwa nyufa. Yote yamesimama mpaka leo. Nishonee wapi sasa, migombani?"

Alikuwa sahihi kuhusu yale majengo mawili. Bado yamesimama, na Neema hupenda kunionyesha tukipita. Ukimshuku kila mtu, siku ukimshuku mwizi wa kweli hakuna anayegeuka. Nilikuwa nimejiharibia mwenyewe na nilijua, na iliniuma.

Hata hivyo nikaomba anipeleke. Tajiri alitupokea kwa kicheko na akanifungulia soda kwa mkono wake mwenyewe. Tangu lini? Nimejenga nyumba za matajiri maisha yangu yote, maji ya bomba tu nilikuwa naomba. Nikaishika ile soda bila kuinywa, nikatoa nyundo yangu ndogo. Nikagonga dari la stoo, nikagonga nguzo. Plasta ilikuwa nene mno, ikawa inajibu yenyewe badala ya zege. Nikaomba nikwangue sehemu ndogo, kiasi cha kiganja.

"Mzee wangu," Tajiri akasema, "rangi bado haijakauka vizuri. Utaniharibia."

Nikaweka kidole ukutani. Ilikuwa kavu kabisa. Nikamwonyesha Neema kidole changu kisafi, lakini alikuwa anatazama chini kwa aibu.

"Baba, twende," akasema.

Alirudi kwenye jengo lile na vyerehani vyake vyote. Mimi na yeye tukawa tunasalimiana tu. Niliogopa sana, sioni haya kusema. Kila gari la zimamoto au la wagonjwa lililopiga king'ora kule chini, nilikuwa nampigia Baraka simu niulize kama jengo lipo. Alikuwa ananijibu, "Lipo babu, linakusalimu."

Kisha Jumapili moja Neema akapanda kutuona. Mama yake alikuwa amepika ndizi na nyama. Wakawa wanaongea wao wawili, mimi nakula kimya. Neema akawa anamchekesha mama yake kuhusu wasichana wake. Anasema siku hizi bobini zinawasumbua, vile vigurudumu vidogo vya uzi vya cherehani. Ikidondoka tu, inakimbia mpaka katikati ya chumba. Rehema, yule mdogo wao, anasema kuna jini pale katikati anapenda uzi.

Nikaacha kutafuna.

"Zamani zilikuwa zinakimbilia wapi?" nikauliza.

"Baba, tafadhali. Leo Jumapili."

"Nakuuliza, mama. Kabla ya moto, bobini ikidondoka ilikuwa inakwenda wapi?"

Akageuka anijibu kwa hasira, kisha macho yakashuka sakafuni. Nilimwona anafikiri. "Ilikuwa inakaa pale pale," akasema polepole. "Pale ilipodondoka."

"Na wasichana wanapumzika wapi mchana?"

Mama yake alikuwa ameshaweka kijiko chini. Neema akasema kwa sauti ndogo kwamba wanatandika kanga katikati, ndipo penye nafasi.

Sikumwambia la kufanya. Kesho yake asubuhi aliwazuia wasichana barabarani wasipande. Akampigia mteja wake mmoja, Injinia Upendo, ambaye alikuwa anamshonea nguo za kazini. Niliposhuka nikawakuta. Nilimshuku yule injinia mara moja kwa sababu alikuwa amevaa raba nyeupe, na mtu wa saiti hawezi kuwa na raba nyeupe. Nilikosea. Alijua kazi kuliko mimi, na siku ile alinifundisha vitu ambavyo nilipaswa kuvijua zamani.

Alimwomba Neema uzi imara. Wakapanda wao wawili tu, haraka, kila mmoja akashika ncha moja ukutani, wakaukaza uzi juu ya sakafu toka ukuta hadi ukuta. Pembeni uzi uligusa sakafu. Katikati, Neema aliniambia baadaye, mkasi wake mkubwa ulipita chini ya uzi bila kuugusa. Sakafu ilikuwa imebonyea katikati.

Waliposhuka, wapangaji wengine walikuwa wameshajaa mlangoni. Injinia akamwomba Tajiri ruhusa ya kubandua plasta kwenye dari la stoo. Tajiri akatutazama wote, akaona kisingizio cha rangi hakitafaa tena, akakubali. Mimi ndiye niliyepewa nyundo. Pigo moja, na plasta ikashuka kipande kizima kama mlango.

Nyuma yake zege lilikuwa na rangi ya waridi. Mimi nilidhani ni masizi yaliyooshwa. Injinia Upendo akanieleza kwamba zege letu likipikwa sana hugeuka hivi, na rangi hiyo hairudi. Akaliminya kwa vidole, likamwagika kama unga wa dona. Na ndani, vijana wangu, nondo zilikuwa zinaning'inia zimelegea, nyeusi, ziko nje kabisa. Nikazitafuta biskuti. Hazikuwepo. Waliojenga pale walizilaza nondo kwenye mbao, na moto ulipokuja ulizikuta hazina jani. Nikamkumbuka Mzee Lomnyaki na suruali yake yenye vumbi, na machozi yakanitoka mbele za watu.

"Litaanguka lini?" Tajiri akauliza. Sauti yake haikuwa na kicheko tena.

"Sijui," Injinia akasema. "Linaweza kukaa mwaka, linaweza lisimalize wiki. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba mimi sirudi chini yake."

Wakubwa wa ujenzi wakaja, wakazungusha utepe, wakafunga. Tajiri akaambiwa aegemeze mirunda chini ya sakafu ile, yaani magogo ya mkaratusi ya kuibeba, mpaka ibomolewe kwa utaratibu. Akaegemeza. Lakini Baraka, ambaye kutwa anakaa kijiweni, akaanza kuniambia kwamba mirunda inapungua. Leo gari limechukua mitatu, kesho miwili. Tajiri alikuwa na saiti nyingine, na mirunda ilikuwa inahitajika kule. Nikamwambia Baraka ahamishe kijiwe. Alinicheka, lakini alikihamisha.

Sakafu ile ilianguka asubuhi moja ya jua kali, hakuna upepo, hakuna moto, hakuna mtu ndani. Askari wa getini alikuwa amekwenda kunywa chai. Baraka alinipigia, nikasikia kelele za watu nyuma yake. "Babu," akasema, "ilishuka tu. Ile sakafu ya anti Neema. Imeshuka na ya chini yake." Alikuwa anahema. "Nilidhani nitasikia mlipuko kwanza."

Mnadhani mabishano yaliisha hapo? Niliposhuka siku ya pili, kijiwe kizima kilikuwa na habari yake. Yule wa kofia nyekundu alikuwa anaapa kwamba Tajiri amelilipua usiku apate bima. Mwingine akasema hapana, ni barabara inataka kupanuliwa, kuna mkubwa amelitega. Na mwingine, huyo hakuniona nimesimama nyuma yake, akasema jamani, si yule Mzee Gonga alikuwa anazunguka pale na nyundo? Mzee amegonga mpaka likaachia!

Waliponiona wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nami nikacheka, nitafanyaje. Lakini angalieni kitu kimoja. Katika wote wale hakuna aliyetaja moto. Kwao moto ulikwisha siku ulipozimwa. Mtu akishaamini kwamba majengo huangushwa na bomu tu, hana haja ya kutazama dari lake. Wala siwaambii muache kushuku. Shukuni sana. Ila anzeni na kilicho juu ya vichwa vyenu kabla ya kwenda Marekani.

Tajiri nilikutana naye mara moja tu tangu hapo. Alinisalimia kwa heshima na hakunifungulia soda.

Neema alipata chumba kingine Moshono, safari hii chini kabisa, nyumba ya kawaida yenye uwanja mbele. Hakuniambia mpaka alipokwisha kuhamia. Nikashuka kwenda kuona, nyundo iko mfukoni kama kawaida, nikijiandaa kwa ugomvi. Wasichana walikuwa wanashona, Rehema akaniletea stuli. Nikamwona Neema ananitazama mkono unaingia mfukoni. Akaokota bobini mezani, akaiangusha sakafuni mbele ya miguu yangu. Ilizunguka kidogo, ikalala pale pale.

"Shikamoo baba," akasema. "Kaa unywe chai. Nimeshagonga."